Saa Iliyogonga Kiswahili

Mume wangu Placidi amepigana na watu wengi kuliko saa alizotengeneza, na saa alizotengeneza si chache. Nasema mapema ili mtu asidhani namsifia marehemu. Yu hai, amekaa hapo barazani anabishana na muuza mkaa. Ni mtu wa Ukata, Mmatengo wa baba na mama, mtoto wa wakulima wa kahawa, mfupi, shingo nene, na mdomo wake hauna breki. Ukimwambia leo kuna baridi, atakuuliza nani kakutuma kumwambia.

Ujuzi wa saa aliupata kwa kipigo. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimpeleka kwa bruda mmoja mzee, Mzungu, aliyekuwa na karakana ya saa kwenye misheni. Bruda alikuwa na rula ya chuma. Ukiangusha skrubu, rula ya vidole. Ukipuliza mashine kwa mdomo, rula, kwa sababu mate yanaleta kutu. Siku moja Placidi alimvizia nyuma ya zizi la nguruwe akiwa na rungu, akamkuta amepiga magoti anasali rozari, akaona aibu, akarudi kulala. Alikaa naye hivyo hivyo, wakichukiana na kufundishana, mpaka akazijua saa zote ambazo Wazungu walizipandisha kwenye milima hii: za ukutani, za mnara wa kanisa, za mfukoni, na zile ndogo za shaba zenye vioo pande zote na mpini juu, ambazo wenyewe walisafiri nazo enzi za magari ya farasi. Hizo za mwisho aliziita saa za safari, na ndizo alizozipenda.

Bruda alipofariki karakana ikafungwa. Placidi akaenda Ngaka, kwenye makaa ya mawe, kufunga tairi za malori. Huko dereva mmoja alimwambia kwamba kazi ya saa ni kazi ya mwanamke. Placidi akamvunja taya kwa spana na akafungwa jela. Alipotoka alifungua kibanda pembeni ya soko la Mbinga. Mitumba yangu ilikuwa upande wa pili wa bati lake, na kila siku nilimsikia akitukanana na wateja. Nikamwambia kupitia tundu la msumari kwamba ananifukuzia watu. Ndivyo tulivyoanza.

Alinipiga mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa bahati yake mbaya nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage, ndiyo kwanza natoa jikoni. Kovu lililopo shingoni mwake watu wanadhani ni la Ngaka. Waache wadhani hivyo.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa akimnyamazisha, mdogo wake Hildegardi. Mama yao alifariki Hildegardi akiwa hajaota meno, na Placidi ndiye aliyembeba mgongoni akiwa anapalilia. Msichana alikua mpole kupita kiasi, tukamtania kwamba ukali wote wa ukoo alimwachia kaka yake. Akaolewa na Methodi, Mnyasa wa mwambao wa ziwa, Mwanglikana, mvuvi na mkulima wa muhogo. Kijiji chenyewe kipo kusini ya Liuli na sitakitaja jina, maana bado wanaishi watu pale. Kwetu walinung'unika kwamba anakwenda kula usipa, vidagaa vya ziwani, maisha yake yote. Kwao walinung'unika kwamba mwanamke wa milimani, tena Mkatoliki, hajui hata kuanika usipa. Mtoto hawakujaliwa. Kisha Methodi akaugua macho, na taratibu akawa kipofu.

Methodi alikuwa na saa ya safari. Babu yake alimpikia daktari mmoja mwanamke wa Kiingereza, na huyo daktari alipoondoka aliwaachia. Watoto wa ukoo mzima walikua wakikatazwa kuigusa. Sasa Methodi akiwa hana macho, saa ile ikawa macho yake ya usiku, kwa sababu juu ya paa lake ina kitufe, na ukikibonyeza inakugongea saa ilivyo. Placidi ananilazimisha nieleze vizuri, basi nieleze. Ndani mna springi mbili, moja ya kutembeza mishale na moja ya kugonga. Saa ikitimia, au ukibonyeza kitufe, kipande cha chuma chenye meno kama msumeno kinaangukia kisahani chenye ngazi kumi na mbili, ambacho mafundi wanakiita konokono. Kikitua ngazi ya juu, nyundo inagonga mara chache. Kikitua ngazi ya chini, inagonga mara nyingi. Kulabu ndogo inaushika msumeno jino kwa jino usirudi nyuma, mpaka hesabu iishe. Basi. Hakuna kingine mle ndani.

Siku moja Methodi alifika kibandani Mbinga akiongozwa na Hildegardi, saa imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Hata kiti hakukisubiri.

“Shemeji, hii saa inanidanganya.”

“Nani kakwambia? Saa haina ulimi.”

“Naamka asubuhi, naisikia baridi inaondoka, najua ni saa moja. Nabonyeza, inagonga saba. Ninyi wenye macho mnautazama mshale, mnahesabu upande wa pili, mnakwenda zenu. Mimi kila usiku nilale napiga hesabu, toa sita, ongeza sita, kama mtoto wa shule?”

“Saa ya Mwingereza haijui Kiswahili, shemeji.”

“Ifundishe.”

Placidi alitukana kidogo, kama kawaida yake, akisema bruda angefufuka amchape. Kisha akaifungua. Alifanya kazi mchana kutwa, hakuongea na mtu, na aliyemsemesha alirushiwa kitambaa cha mafuta. Alimzungusha konokono nusu duara na kumkaza hapo, palipokuwa na ngazi ya saba pakakaa ya kwanza. Methodi alilala kwetu. Asubuhi alipobonyeza, saa ikagonga mara moja, taratibu, mlio mzuri wa waya wa chuma. Methodi alikaa kitandani akalia mbele yetu bila kuona haya. Hildegardi akamfuta machozi kwa khanga.

Hata hivyo Placidi alikuwa ameona jambo. Kulabu ilikuwa imelika. Aliwataka waiache saa achonge kulabu mpya, kwani ile ikiisha kabisa msumeno utakuwa unarudi nyuma kila ukivutwa, na nyundo haitajua pa kukomea. Methodi akakataa. “Niiache, usiku nizungumze na nani?” Placidi akamwita kichwa kigumu, Methodi akamwita mwalimu wa saa asiye na shule, wakaagana wakicheka.

Kule mwambao nako wakaona jambo. Saa waliyoikuta tangu utotoni, iliyogonga Kizungu mbele ya babu zao, ilikwenda milimani na mwanamke wa huko ikarudi inagonga Kiswahili. Hakuna mahali walipowahi kusikia kitu kama hicho. Shangazi yake Methodi, bibi Herieth, alilizungumza kisimani, likazungumzwa kwenye vichanja vya usipa, likakaa pale likisubiri sababu.

Sababu ilikuja Methodi alipofariki kwa kifua. Tulikwenda kumzika, tukarudi, kisha tukateremka tena kwa ajili ya kuondoa matanga. Ilikuwa Jumapili. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja nyumbani kwa marehemu, wakakaa uani kwenye mikeka. Nilimpigia magoti bibi Herieth nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba akiwa anatazama kwingine, na mimi hapo hapo nikajua kwamba mambo si shwari. Dastan, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Sitamsingizia Dastan. Yeye ndiye aliyekuwa anamshika kaka yake mkono kumpeleka kanisani, na siku ya mazishi tulimtoa kaburini kwa nguvu.

Hildegardi alikuwa chumbani peke yake, kama mjane anavyokaa. Wazee ndiyo kwanza wameanza kuzungumza habari za shamba la muhogo, tukasikia saa ndani inagonga. Ikagonga sita, na kweli ilikuwa mchana wa saa sita. Watu wakatulia waipishe. Ikagonga saba. Ikagonga nane. Kule mwambao kengele ya kanisa ikilia ya msiba watu huihesabu bila kukusudia, na niliona midomo ya wanawake inacheza. Ikapita kumi na mbili. Ikaendelea tu, ting, ting, ting, nyumba ya marehemu kimya na saa inaita.

“Methodi huyo,” alisema bibi Herieth. “Anaita atolewe.”

Na mume wangu akacheka. Kwenye matanga, mbele ya ukoo wa marehemu, alicheka kwa sauti, akapiga na paja. “Kulabu! Kulabu imekwisha! Nilimwambia!”

Kama ningekuwa na sufuria ya maharage ningemmwagia tena. Kicheko kile ndicho kilichowasha moto. Dastan alisimama, macho yamemtoka. Akakimbilia chumbani na vijana nyuma yake, tukasikia kitu kikianguka na Hildegardi akipiga kelele. Walimtoa wakimburuta kwa mkono mmoja, saa ameikumbatia kwa mkono wa pili, bado inagonga kifuani kwake. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Wanawake waliona kidole kile.

“Amemfunga mume wake humo ndani!” alisema mmoja. “Akibonyeza, anajibiwa!”

Placidi alimfikia Dastan kabla hajamaliza hatua ya pili. Alimpiga ngumi ya mdomo, meno yakamwagika kwenye mkeka. Wa pili alimpiga kichwa cha pua. Wa tatu alimshika koo akamgongesha kwenye nguzo ya baraza mpaka nyasi za paa zikaanguka. Nilimwona mume wangu yule ambaye nilikuwa nimesimuliwa tu, wa Ngaka, na nasema kweli niliogopa na nilifurahi. Lakini wao walikuwa ukoo mzima. Kafi la mtumbwi lilimpata nyuma ya magoti, lingine mgongoni, akaanguka, wakamkalia. Walimfunga mikono kwa kamba ya wavu. Mimi nilimng'ata mtu mkono, nikapigwa kofi lililonizibua sikio, nikasukumwa kwenye mihogo iliyoanikwa.

Kisha wakamgeukia Hildegardi. Walimvua kilemba. Walimpiga kwa makafi yale yale, kwanza wanaume, halafu na wanawake waliokuwa wamekula naye asubuhi. Alipoinua mkono kujikinga tulisikia mfupa unakatika. Hakuwatukana. Alikuwa anaita jina la mume wake, na kila alipoliita walizidi kupiga, kwa sababu hilo ndilo walilotaka kulisikia. Kijana mmoja alikimbia kwenye mitumbwi. Akarudi na kidumu cha petroli ya injini ya boti, akakiweka karibu na miguu ya Hildegardi, akasimama hapo akisubiri kuambiwa.

Saa ilikuwa imenyamaza yenyewe, springi ya kugonga imefika mwisho. Dastan akaichukua, damu inamtoka mdomoni. Ufunguo wake uliokuwa unaning'inia kwenye uzi aliukata akautupa ziwani. Akakipindua kinu, akaiweka saa juu ya kitako chake, akaivunja vioo kwa kisigino cha shoka.

“Kaka,” aliiambia saa ile, analia, “kaka, nakuja kukufungulia.”

Akachomeka pembe ya shoka katikati ya mabamba mawili ya mashine, akaanza kukandamiza.

Placidi alikuwa amelazwa kifudifudi hatua chache tu kutoka hapo. Aliniambia baadaye alichokuwa akikiona. Springi ya kugonga ilikuwa imekwisha, lakini ya kutembea ilikuwa imejaa tele, kwa kuwa Hildegardi huijaza kila Jumapili asubuhi. Mabamba yakiachana, lile pipa dogo la shaba linalobeba springi litapasuka, na utepe wote wa chuma utatoka kwa mkupuo mmoja. Dastan alikuwa ameinamisha uso juu yake. Ungemkata macho, au koo. “Na mimi nilitaka umkate,” Placidi aliniambia. “Wallahi Gaudiosa, nilitaka.” Lakini Dastan akikatwa mbele ya ukoo wake na kitu kilichotoka ndani ya saa ile, basi marehemu amejibu, mchawi amethibitika, na petroli ipo hapo chini.

“Dastan, usifungue!” alipiga kelele. “Itakuumiza!”

“Mmesikia?” alisema bibi Herieth. “Wanajua walichokiweka.”

Kafi likamshukia Hildegardi mgongoni.

“Ni springi, jamani! Ni chuma kilichokunjwa, kinataka kukunjuka!”

Kafi la pili.

“Konokono nilimzungusha mimi! Mimi ndiye niliyeifanya igonge Kiswahili, shemeji aliniomba...”

Kafi la tatu, na safari hii Hildegardi hakulia tena. Kila neno alilolisema kaka yake alilipiwa yeye. Nikamwona Placidi analielewa hilo. Mtu ambaye sijawahi kumwona anaacha neno la mwisho kwa mwenzake, alifunga mdomo, akaweka paji la uso kwenye mchanga, akakaa hivyo. Aliponyanyua kichwa sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ya chini, ya mtu anayezungumza na wakwe.

“Shangazi,” alimwambia bibi Herieth. “Aliyefunga ni mtu wa kwetu. Wa kwetu ndiye afungue.”

Jambo hilo wote walilijua, wa ziwani na wa milimani. Kitu kikifungwa na mtu wa ukoo fulani, mkono wa ukoo huo ndio unaokifungua. Mkono mwingine ukikigusa, balaa linahamia huko. Bibi Herieth alimtazama kwa muda mrefu. Dastan naye alilegeza shoka, kwa mara ya kwanza akaiogopa saa.

“Mfungueni,” alisema bibi. “Afungue yeye. Na mwanamke asogezwe karibu aone.”

Wakamfungua. Alikwenda kwenye kinu akichechemea, akaigeuza saa, akaitazama jinsi anavyotazama mgonjwa pale kibandani. Bila ufunguo hakuwa na jinsi ya kuilegeza springi polepole. Bamba la nyuma lilikuwa limepinda na kushikiliwa na kipini kimoja tu. Kuirudisha haiwezekani, na kuiacha pia haiwezekani, sababu watu wale walitaka kukiona kinachotoka. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilidhani bado atawaeleza, nikaomba Mungu asiwaeleze.

Alilifunika lile pipa kwa kiganja cha kulia, akafumba vidole. Kwa mkono wa kushoto akang'oa kipini.

Sauti yake ni kama ya kitambaa kigumu kinachochanwa, na ndani yake kuna mlio. Mkono wote mpaka begani ulitikisika kama umeshika mnyama. Utepe ulipenya kati ya vidole, ukamchapa kifundo cha mkono, ukarudi ukazunguka tena ndani ya kiganja, na damu ikaruka mpaka kwenye gauni jeupe la bibi Herieth. Hakuuachia. Alipiga magoti, akaukumbatia mkono tumboni, uso umekuwa wa majivu, na bado hakuuachia mpaka ndani ya ngumi yake pakatulia. Kisha akafungua vidole na utepe ukaanguka mchangani, mrefu, mwekundu, hautikisiki.

Magurudumu ya saa yalikuwa yametawanyika juu ya kinu.

“Ametoka,” alisema bibi Herieth, na akaanza kulia kilio cha msiba, kile cha siku ya kwanza. “Ametoka mwanangu. Amejilipiza kwao, ametoka.”

Wanawake wakampokea. Makafi yakaanguka moja moja. Yule kijana alikichukua kidumu chake, akakirudisha mtumbwini bila kutazama mtu. Dastan alikaa chini pale pale na shoka mapajani, akalia kama alivyolia kaburini. Mimi nilikuwa nimesimama na maneno yamenijaa mdomoni. Nilitaka kuwaambia wote kwamba ni wajinga, ni wauaji, ni chuma tu kile! Placidi alinitazama kutoka pale mchangani. Hajawahi kuniomba kitu kwa namna hiyo, si kabla wala baadaye. Nikameza.

Wenyewe ndio waliotutafutia gari. Wenyewe, wale wale, ndio waliomlaza Hildegardi kwenye godoro na kumfunga mkono kwa vijiti, na Dastan akaketi nyuma ya gari mpaka hospitali akimpepea usoni. Hadi leo simwelewi, na sitaki kumwelewa.

Daktari alishona kadiri alivyoweza. Mishipa ya vidole viwili ilikuwa imekatika, cha gumba hakina hisia. Mkono ule hauwezi kushika skrubu ya saa, wala kibano. Watu wakaja kibandani na saa zao, Placidi akawaangalia tu, wakaelewa, wakaondoka. Sasa anauza betri na kubadilisha mikanda. Ukali wake upo, kama mnavyomsikia hapo nje. Lakini saa hazungumzii.

Hildegardi tulimchukua tukakaa naye. Mifupa iliunga, majeraha yakafunga, akaanza kula. Lakini Hildegardi hakuzungumza na kaka yake hata kidogo zaidi ya salamu. Nilidhani ni aibu, au bado anaogopa. Nikamvumilia. Kila siku mchana alichemsha maji ya chumvi, akakaa mbele ya Placidi, akamfungua bandeji kwa mkono wake ule mzima, akamsafisha kidonda kwa upole wote. Mimi nilikuwa nachambua mitumba kwenye mlango.

Siku moja akiwa ameushika mkono ule kwenye beseni, akauliza bila kuinua kichwa.

“Kaka, kwa nini ulimtoa?”

Placidi hakuelewa. Mimi pia.

“Nilikuwa nabonyeza, ananijibu,” alisema Hildegardi. “Kila usiku ananijibu. Siku ile ndiyo alikuwa hataki kuniacha, alijibu tu, alijibu, hakuchoka. Ulikuwa unajua kumtengeneza. Wewe ndiye uliyemfundisha kuongea. Ungewaacha waniue, ningekuwa naye.”

Mume wangu alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja, nilikiona kimepanga foleni: kulabu, msumeno, konokono, springi. Nilitaka akiseme. Nilitaka huyu mwanamke ajue kwamba mkono unaoelea kwenye beseni lake ulitolewa kwa ajili yake, na si kwa ajili ya mzimu wa mtu yeyote. Nilikuwa na hasira naye.

“Nisamehe, Hilde,” alisema Placidi.

Hildegardi akaukausha mkono, akaufunga bandeji mpya, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba.

Nikamrukia mume wangu. “Mwambie! Umepoteza kazi, umepoteza vidole, halafu unaomba radhi? Mwambie ukweli!”

“Nimwambie nini?” aliniuliza. “Nimwambie kila usiku aliobonyeza hakukuwa na mtu?”

Nikachukua shati kwenye rundo, nikalikunja, nikachukua lingine.